Mpira uliopinda: Tusimhukumu golikipa kwa dhana

BAADA ya swala ya Alasiri siku moja, vijana wa timu ya mtaani kwetu walinifuata wakiwa na simu mkononi. "Ustadhi, hebu tazama mwenyewe," wakaniambia. Katika video ile mpira wa adhabu unapigwa, unaelekea nje kabisa ya goli, kisha unapinda na kuingia wavuni. Golikipa wao amesimama tu. Wapo waliodai kijana yule kauza mechi. Wengine walisema wapinzani wametumia ndumba, na tayari walikuwa wanachangishana fedha za kwenda kwa mganga. Golikipa mwenyewe alikaa pembeni, kainamisha kichwa.

Niliwaambia warudi kesho yake, nami nikawaandalia video nyingine.

Tarehe 3 Juni 1997, mjini Lyon, Brazil ilicheza na Ufaransa. Roberto Carlos alitenga mpira umbali wa mita 35 hivi kutoka golini, akaupiga kwa upande wa nje wa mguu wake wa kushoto. Mpira ulipita kulia mwa ukuta wa wachezaji, ukaenda mbali na goli kiasi kwamba muokota mipira aliyekuwa nyuma ya mstari aliinama kujikinga. Kisha ukapinda kushoto, ukagonga mlingoti na kuingia. Golikipa Fabien Barthez hakusogea. Mechi ile iliisha kwa sare ya 1-1.

Je, ni uchawi? Hapana. Mpira ule uliondoka kwa kasi inayokadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa, huku ukizunguka kama pia. Mpira unaozunguka huburuta hewa inayougusa. Ule wa Roberto Carlos, kwa mtu anayeutazama kutoka juu, ulizunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo hewa iliyoachwa nyuma yake ilisukumwa kulia. Na kila kinachosukuma nacho husukumwa: mpira ukisukuma hewa kulia, hewa nayo huusukuma mpira kushoto. Jambo hili limepewa jina la Magnus, mwanasayansi wa Ujerumani aliyelichunguza katika karne ya 19. Lakini hata Newton, mwaka 1672, alikwisha kutaja kupinda kwa mpira wa tenisi.

Mbona basi ulionekana kupinda ghafla mwishoni? Sababu ya kwanza ni kwamba hewa hupunguza kasi ya mpira upesi, lakini mzunguko wake haupungui upesi hivyo. Mpira unaokwenda polepole huku ukiendelea kuzunguka sana hukunja kona kali zaidi. Mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa walirusha vitufe vidogo vya plastiki ndani ya maji, wakaonyesha kuwa njia ya kitufe kinachozunguka hujikunja mithili ya konokono. Anayepiga kutoka karibu hawezi kuuonyesha mkunjo huo, kwani mpira hufika golini mapema mno.

Sababu ya pili ni kamera. Ikiwa nyuma ya mpigaji, mita 35 huonekana fupi, na mpira huonekana kama umehama mahali kwa mara moja. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo, alieleza miaka 1,000 hivi iliyopita kuwa tunaona kwa mwanga unaoingia machoni, na akaandika kirefu juu ya makosa ya jicho. Basi kama jicho lenyewe hukosea, vipi tutoe hukumu kwa video ya simu iliyopigwa kutoka upande mmoja?

Sasa tujiulize: Barthez aliuza mechi? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Alisimama kwa sababu mahesabu ya macho yake yalimwambia mpira unatoka. Mwaka uliofuata, 1998, huyo huyo alidaka katika Kombe la Dunia, Ufaransa ikafungwa mabao mawili tu katika mashindano yote, na fainali ikaichapa Brazil 3-0, Roberto Carlos akiwa uwanjani.

Ndugu zangu, kumtuhumu mtu kwa dhana ni dhulma, hata kama jambo lenyewe ni mpira wa mtaani. Jina la kijana likishachafuliwa ni kazi kulisafisha. Na kila tunapokimbilia ndumba kwa jambo tusilolielewa, mganga hutajirika nasi tunabaki na ujinga wetu.

Vijana wale walimwomba radhi mwenzao mbele yangu. Zile fedha walizokwisha kuchanga niliwashauri wamnunulie glovu. Wamenunua, na Jumapili alikuwa golini.