AFYA YETU: NYUMBA YENYE ALAMA YA X



Vijiji vyetu vingi viko kando ya barabara. Katika baadhi ya vijiji hivyo, nyumba zimeandikwa alama ya X ukutani. Maana yake ni kwamba nyumba hizo zimo ndani ya hifadhi ya barabara.

Sheria inasemaje?

Zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilileta mabadiliko. Sasa ni mita 30 kila upande kwa barabara kuu na barabara za mkoa. Kwa hiyo nyumba zilizokuwa nje ya hifadhi zilijikuta ndani. Hairuhusiwi kujenga au kupanua jengo ndani ya hifadhi bila idhini ya mamlaka ya barabara. Tena, jengo linaloongezwa baada ya uthamini haliingizwi katika fidia.

Maradhi hayangoji

Kwa kuogopa hasara, wenye nyumba wengi huacha kila kitu. Paa linavuja. Kuta zinapasuka. Choo kinajaa. Kungojea fidia kunaweza kuchukua miaka, lakini maradhi hayangoji.

Mbu wa malaria huingia usiku kwa kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, huuma watu na kuwaambukiza homa ya papasi. Moshi wa kuni katika chumba kisicho na dirisha huumiza mapafu, hasa ya watoto wadogo.

Tufanye nini?

1. Nendeni ofisi ya kijiji. Ulizeni: Je, nyumba yangu imethaminiwa? Je, nina haki ya kulipwa fidia? Je, naruhusiwa matengenezo gani? Ombeni majibu kwa maandishi. Itunzeni karatasi hiyo.

2. Kabla ya kubadili paa, kujenga ukuta au kuongeza chumba, ombeni idhini kwanza.

3. Zibeni nyufa kwa udongo. Kazi hiyo haiongezi ukubwa wa nyumba, wala haihitaji fedha.

4. Laleni ndani ya chandarua kila usiku.

5. Pikeni nje, au katika jiko lililo mbali na chumba cha kulala.

6. Choo kipya kichimbwe nje ya hifadhi. Pimeni kwanza mita 30 kutoka katikati ya barabara. Choo kiwe mbali na kisima pia.

Kumbukeni: alama ya X imewekwa kwenye nyumba. Haikuwekwa kwenye afya ya watu wanaolala ndani yake.

Maswali ya kujadili

1. Hifadhi ya barabara kuu ni mita ngapi kila upande?
2. Papasi hujificha wapi?
3. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zenye alama? Tutawasaidiaje wazee wanaoishi humo?