Milango ya Kabati Isiyolingana: Usianze na Randa

Somo hili linahusu makabati yanayouzwa yakiwa vipande vipande ndani ya boksi, ambayo mnunuzi huyaunganisha mwenyewe nyumbani kwa kufuata karatasi ya michoro. Bei yake huwa nafuu na usafirishaji wake ni rahisi, ndiyo maana yamefika hata kwenye nyumba zilizo mbali na miji. Lalamiko linaloyaandama ni moja: kabati likishasimama, milango yake hailingani.

Tuchukue mfano wa kaya moja ya Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki. Kabati la nguo la milango miwili limenunuliwa Tanga, likasafirishwa hadi Muheza, kisha likapanda barabara ya Amani juu ya gari lenye mizigo mingine. Likaunganishwa usiku huohuo kwa mwanga wa taa moja. Kulipokucha, mlango wa kushoto ulionekana umeshuka, wa kulia umepanda, na hata kufunga vizuri haikuwezekana. Jirani akashauri aitwe seremala aje na randa, apunguze pale panapogusa.

Ushauri huo una asili yake. Wilaya ya Muheza ina shamba la miti la Longuza, maarufu kwa mitiki, na mafundi wa eneo hilo wamezoea mbao halisi. Mlango wa mtiki ukivimba wakati wa masika, fundi huupitisha randa, naye hakosei, kwa sababu mbao halisi ni mbao hadi ndani. Kabati la boksi ni kitu kingine. Vipande vyake vingi hutengenezwa kwa chembe za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi, aina ambayo mafundi huiita chipubodi, kisha hufunikwa kwa karatasi au plastiki nyembamba juu, chini na kwenye kingo. Ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Randa ikishaipasua, chembe za ndani hubaki wazi na hunywa unyevu kama sifongo. Ubao huvimba, na tofauti na mbao halisi, ukikauka haurudi unene wake wa awali.

Kwa mkazi wa Kwamkoro jambo hili ni zito kuliko kwa mkazi wa Dodoma. Ukanda wa Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hukaa juu ya miti hata katika miezi isiyo ya masika wala vuli. Ukingo uliorandwa hapo hauchukui muda mrefu kuharibika. Zaidi ya hayo, mnunuzi aliyekata sehemu ya mlango amempa muuzaji jibu rahisi: bidhaa imeharibiwa na mteja. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba kabla ya kukata, kuranda au kutoboa chochote, chanzo cha kasoro kijulikane kwanza.

Simama mbele ya kabati, funga milango yote miwili, kisha tazama mwanya ulio kati yake. Ikiwa mwanya una upana uleule kuanzia juu hadi chini, lakini vichwa vya milango vimepishana, mmoja juu na mwingine chini, milango haina kosa. Kilichopinda ni kiunzi cha kabati. Ikiwa mwanya ni mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, hapo mlango mmoja ndio ulioinama na kazi ni ya bawaba. Uchunguzi huu hauhitaji kifaa chochote, nasi tunaona kwamba ndio sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika somo hili, maana watu wengi huanza kuzungusha skrubu za bawaba wakati tatizo liko sakafuni.

Inakuwaje sakafu ipandishe mlango mmoja na kushusha mwingine? Kabati likisimama mahali pasipo sawa, uzito wake husukuma upande mmoja na mstatili hulala kidogo. Milango yote miwili huinama pamoja na kiunzi, lakini mmoja umeshikwa upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia. Kwa hiyo, pale inapokutana katikati, mmoja huwa umeshuka na mwenzake umepanda. Kwa kabati lenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 180, sehemu ya juu ikisogea kando kwa sentimita 1 tu, vichwa vya milango hupishana kwa milimita 5. Jicho huziona milimita hizo tangu mlangoni mwa chumba.

Kwa hiyo anza na sakafu. Pimamaji ya fundi mwashi inafaa sana. Kama haipo, weka gololi juu ya ubao wa chini ndani ya kabati utazame inakoelekea. Ondoa nguo na vitu vyote, mtu mmoja ainue upande ulioshuka kidogo, mwingine asukume kipande chembamba cha plastiki ngumu chini yake. Kadibodi haifai, kwa sababu hulowa na kubonyea kila sakafu inapopigwa deki. Rudia kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Mara nyingi milango hujipanga yenyewe hapo hapo, na bisibisi haikuguswa.

Isipojipanga, pima pembe. Chukua kamba isiyovutika, ipitishe mbele ya kabati kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, na uifunge fundo pale inapofikia. Kisha ipitishe kutoka kona ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo viwili vikilingana, kiunzi kimenyooka. Katika kabati la vipimo tulivyotaja, kila kimoja kinapaswa kuwa karibu sentimita 201. Visipolingana, tazama ubao mwembamba wa nyuma. Ubao huo huonekana kama pambo, na wapo wanaoupigilia misumari miwili mitatu wakaona inatosha, kumbe ndio unaolizuia kabati lisilale. Ng'oa misumari yake taratibu, sukuma kiunzi hadi vipimo vilingane, kisha upigilie tena kuzunguka kingo zote huku mwenzako akikishikilia kiunzi.

Sasa bawaba. Makabati mengi ya aina hii hutumia bawaba zinazojificha ndani, ambazo kichwa chake cha mviringo hukaa katika tundu la milimita 35 lililochimbwa nyuma ya mlango. Mkono wa bawaba umefungwa kwenye bamba dogo lililo ubavuni mwa kabati. Kwenye mkono huo kuna skrubu mbili. Iliyo karibu na mlango husogeza mlango kushoto au kulia. Ya nyuma hukaza mkono kwenye bamba. Ukiilegeza, mlango unaweza kusogezwa ndani au nje, na ndiyo inayoshughulikiwa pale mlango unaposugua ubavu wa kabati au unapodunda badala ya kufunga. Skrubu mbili za bamba lenyewe hupandisha na kushusha mlango, ikiwa matundu yake ni marefu.

Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Bisibisi ndogo mno hula kichwa hicho, na skrubu iliyoliwa kichwa ni balaa. Katika bawaba nyingi za bei nafuu, skrubu ya nyuma hulegezwa kidogo kabla ya kuzungusha ya mbele, kisha hukazwa tena. Zungusha robo ya mzunguko tu, funga mlango, tazama, ndipo uendelee. Mlango ulioinama hunyooshwa kwa kuzungusha skrubu ya mbele ya bawaba ya juu upande mmoja, na ya bawaba ya chini upande mwingine. Mlango wenye kioo ni mzito, hivyo mtu wa pili aushikilie wakati skrubu za bamba zimelegezwa. Baada ya wiki moja ya matumizi angalia tena, kwa sababu viungo vipya hutulia.

Skrubu inayozunguka bila kukaza inaonyesha kwamba tundu limepanuka. Usitafute skrubu nene zaidi, itapasua ubao. Itoe, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikate usawa wa ubao, acha zikauke hadi kesho yake, kisha rudisha skrubu ileile. Kwa nyumba za milimani, kabati lisigusane na ukuta wa nje: acha nafasi ya vidole vitatu hewa ipite. Lakini lifungwe ukutani kwa kamba au chuma cha pembe, hasa penye watoto, kwa sababu kabati refu lenye milango iliyo wazi huinama mbele upesi.

Zipo kasoro ambazo mnunuzi hapaswi kuzirekebisha. Tundu la bawaba likiwa limechimbwa mahali pasipo pake, ubao ukiwa umevimba tangu ndani ya boksi, au milango miwili ikiwa na vimo tofauti, hilo ni jukumu la aliyeuza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa inayofaa kwa matumizi yake, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa kupotosha. Tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi halimwondolei muuzaji wajibu juu ya bidhaa yenye kasoro. Hata hivyo, haki ya kukataa bidhaa hupungua kadiri siku zinavyopita, kwa kuwa anayekaa nayo muda mrefu bila kusema huhesabiwa kuwa ameikubali.

Fungua boksi siku linapofika na hesabu vipande kabla ya kuunganisha chochote. Piga picha ya kasoro pamoja na ya boksi lenyewe, hasa kona zilizolowa au kubonyea njiani. Tunza risiti ya kielektroniki na karatasi ya michoro. Mweleze muuzaji kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja tarehe ya kununua na unachodai: kubadilishiwa kipande, kubadilishiwa kabati, au kurudishiwa fedha. Asipojibu, peleka nakala za vitu hivyo kwa Tume ya Ushindani (FCC). Mlango wenye kasoro ubaki kama ulivyotoka kwenye boksi hadi shauri lako litakapoamuliwa.