Somo la Vikundi: Tukialikwa Mkutano wa Ng'ambo, Viza Tutaipataje?



Siku hizi mwaliko haungoji posta. Unaingia kwa simu ya katibu: kikundi chenu kinaombwa kutuma mjumbe mmoja kwa mkutano wa kimataifa. Habari ikifika hapa Kamenu, kabla ya jioni kila mtu anauliza ni nani ataenda. Katika somo hili tunawaomba kwanza mketi na kuhesabu gharama, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Pesa zinazoweza kupotea hapa ni za mzunguko, za kuku na za karo ya watoto.

1. JE, MWALIKO NI WA KWELI?

Wako matapeli ambao kazi yao ni kutunga mikutano. Hutumia jina la Umoja wa Mataifa au la shirika la kanisa, huahidi kulipa ndege, halafu hudai mtume pesa za hoteli au za "kushughulikia viza". Mkitume, mkutano haupo na simu haishikwi. Umoja wa Mataifa wenyewe umetoa onyo juu ya barua za namna hii.

Mkiona haraka nyingi, na pesa zinatakiwa kwa jina la mtu binafsi, simameni. Tafuteni nambari ya shirika mahali pengine, si kwenye barua ile ile, mwulize. Halafu mwonyesheni barua mtu wa parokia au ofisa wa maendeleo ya jamii.

2. PASIPOTI KWANZA

Ombi la pasipoti hufanywa kwa eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji, kama Nyayo House, kuchukuliwa alama za vidole. Angalieni majina mapema. Kama kitambulisho kinasema Wanjiru na cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiku, hiyo shida itatuliwe kabla ya mwaliko kuja.

Aliye na pasipoti aangalie inaisha lini. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 mbele. Nchi za Schengen huko Ulaya, kama Italia na Ujerumani, hutaka ibaki angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao.

3. SI KILA SAFARI INATAKA VIZA

Mkenya haendi kuomba viza ya Uganda, Tanzania wala Rwanda. Afrika Kusini nayo iliondoa viza kwa Wakenya mwaka 2023, kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Lakini ulizeni kama cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa. Cheti hicho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha.

4. OFISA WA VIZA ANATAFUTA NINI?

Maswali yake ni matatu: Unaenda kufanya nini? Nani analipa? Nini kitakurudisha nyumbani? Hilo la tatu ndilo huangusha wengi. Sheria ya Marekani, kwa mfano, humhesabu mwombaji kuwa anataka kubaki huko mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba atarudi.

Sisi wa vikundi hatuna hati ya mshahara. Lakini tunayo mengine: cheti cha kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, minitsi za siku mjumbe alipochaguliwa, taarifa ya benki au ya sako, leseni ya biashara, karatasi za shamba, barua ya padre. Pamoja na hayo, barua ya mwaliko iseme wazi tarehe, mahali, na nani atalipa tikiti, chakula na malazi.

Msikope pesa za kujaza akaunti wiki moja kabla. Ofisa huona zilivyoingia. Na msinunue karatasi ya uongo kwa bloka. Uingereza, mtu akidanganya katika ombi, anaweza kukataliwa viza kwa miaka 10.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu. Walimchagua binti wa mwenyekiti kwa sababu anajua Kizungu. Ofisa akamuuliza kikundi kina watu wangapi, na kila mmoja hutoa ngapi kwa mwezi. Binti akanyamaza, maana hakuwahi kukaa nao. Viza ikakataliwa na ada ikaenda. Mweka hazina, mama anayejua kila shilingi, alikuwa ameachwa nyumbani. Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa lawama. Basi mchague anayeifanya kazi yenyewe, na mwulize mapema kama mahojiano yanaweza kufanywa kwa Kiswahili.

5. PESA NA SIKU

Ada ya viza hairudishwi hata mkikataliwa. Ya Schengen iliwekwa euro 90 mwaka 2024, na ya mgeni kwenda Marekani dola 185 mwaka 2023. Thibitisheni kwa ubalozi kabla ya kulipa, maana ada hupanda. Schengen hutaka pia bima ya matibabu ya euro 30,000. Ombi lao hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu huchukua siku 15, lakini laweza kufika 45. Msingoje mwezi wa mwisho.

Waulizeni waalikaji: ada, bima na nauli ya matatu kwenda Nairobi, nani atalipa? Jibu liwe kwa maandishi. Tikiti isilipwe kabisa kabla ya viza. Nafasi iliyoshikwa tu yatosha mara nyingi.

6. TUKIKATALIWA

Si aibu. Mwaka 2016 Mkutano wa Kijamii wa Dunia ulifanyika Montreal, Kanada, na zaidi ya watu 200 waliokuwa wamealikwa walinyimwa viza. Mwaka 2022, mji ule ule, wajumbe wengi wa Afrika walikosa kufika mkutano wa UKIMWI. Someni sababu iliyoandikwa. Schengen hutoa haki ya kukata rufaa, na penginepo mnaweza kuomba upya mkiwa na karatasi zilizokosekana. Tena ombeni mjumbe wenu azungumze kwa video, ili sauti ya kikundi isipotee.

Na tukumbuke, mwaka 2007 mkutano huo huo wa kijamii ulikuja Kasarani. Kutoka Thika ilikuwa ni matatu moja tu.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Leo tukialikwa, ni nani kati yetu anaweza kueleza kazi yetu bila kusoma karatasi?
(b) Cheti, minitsi na vitabu vyetu vya pesa viko wapi, na ni vya mwaka gani?
(c) Ni kiasi gani tuko tayari kupoteza viza ikikataliwa?
(d) Mjumbe akirudi, atatuletea taarifa kwa njia gani, na kwa muda gani?

Jibuni swali la (c) kabla ya kutoa hata shilingi moja, na katibu aliandike.