MASHINE YA MTUMBWI IKIZIMIKA: FUATA NJIA YA PETROLI

Watu wa Kiseke na wa mialo ya Mwanza, kama Igombe na Kirumba, wazijua vema mashine zifungwazo nyuma ya mtumbwi. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine za namna hii mwaka 1909, na tangu hapo zimeenea duniani kote. Kwetu nyingi ni kuukuu, zilizopita mikononi mwa watu wengi. Mashine kuukuu si lazima iwe mbovu, lakini yataka mtu mwenye kuijua tabia yake.

Wala jambo hili si dogo. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa yake haivuti samaki. Mashine ikizimika mbali na nchi kavu, kisha upepo ukavuma, mtumbwi hugeuka ubavu kwa mawimbi na kuingiwa na maji. Nilipata kuwa katika mtumbwi wa namna hiyo. Mwenye mashine alishika bisibisi akazungusha kila parafujo ya kabureta gizani, asijue atafutalo. Tukapiga kasia hata alfajiri. Kulipokucha, mzee mmoja akatazama kifuniko cha tangi, akaona kwamba parafujo ya hewa imefungwa. Kosa lilikuwa hilo tu. Lakini kabureta nayo ilikuwa imekwisha kuvurugwa bure.

Basi neno la kushika ni hili: usianze na kabureta. Anza na tangi, uifuate petroli hatua kwa hatua, kama mtu afuataye nyayo za ng'ombe aliyepotea.

TANGI. Petroli ikitoka, hewa haina budi kuingia mahali pake. Tundu la hewa katika kifuniko likifungwa, mashine huwaka, huenda dakika chache, kisha hufa. Lifungue kwanza. Halafu tia petroli kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, nawe utaona mpaka kati yao. Maji hayo hutoka katika madumu yasiyokaushwa, au mvua iingiayo tangini. Ukiyaona, mwaga yote mbali na ziwa, usafishe tangi, utie petroli mpya kwa kuipitisha katika chujio.

OILI. Mashine nyingi kuukuu hulainishwa kwa oili ichanganywayo na petroli. Soma kitabu cha mashine yako. Kikisema sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, basi lita 20 za petroli zataka mililita 400 za oili. Kikisema 25 kwa 1, zataka mililita 800. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka. Usikisie kwa macho, bali tumia kipimo.

MPIRA. Katikati ya mpira uletao petroli pana kipira cha kuminya kwa mkono. Kiminye: kikiwa kigumu, petroli imefika. Kikibaki laini siku zote, huenda tangi ni tupu, au mpira umepasuka na kuvuta hewa, au vali zake zimechoka. Kikinywea chenyewe mashine iendapo, njia imezibwa upande wa tangi. Tazama pia chujio lililo karibu na mashine.

PLAGI. Sasa fungua plagi. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli imefika kupita kiasi, au cheche haipo. Ikaushe, uirudishe, ufungue choki, ujaribu tena. Ikiwa nyeusi siku zote, petroli au oili imezidi. Jueni pia kwamba uso wa ziwa letu uko kiasi cha meta 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyopimwa pwani yaweza kutoa petroli iliyozidi kidogo huku kwetu. Kuirekebisha ni kazi ya fundi.

KABURETA. Hiki ndicho chombo kichanganyacho petroli na hewa. Chini yake pana bakuli, na ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano ifungayo njia. Ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Petroli ikimwagika nje, sindano ina uchafu au boya limetoboka. Mashine ikienda vema polepole lakini ikakosa nguvu uongezapo mwendo, shuku tundu kubwa la petroli. Ikienda mbio lakini ikafa upunguzapo, shuku tundu dogo. Ikitaka choki daima ili iende, tundu limezibwa au hewa yaingia mahali isipopasa.

Kabureta ifunguliwe nchi kavu, mchana, juu ya kitambaa cheupe, ili kitu kidogo kisipotee. Puliza matundu kwa pampu ya baiskeli. Usichokoe kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka kidogo tu, kipimo kimeharibika. Uzi mwembamba wa nailoni, kama wa mshipi, wafaa zaidi.

Tena, jihadhari na moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hulala chini ndani ya mtumbwi hata usiuone. Asiwepo mwenye sigara wala taa ya moto karibu. Mashine isiyotumika miezi mingi, iondoe petroli katika kabureta, kwa kuwa huchacha na kuacha utando kama gundi.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo la maji na petroli bila hatari: watie maji na mafuta ya kupikia katika chupa, nao wataona mafuta yakipanda juu. Wazee wa vijiji nao wawahimize wenye mitumbwi kufanya ukaguzi huu mwaloni kabla ya jua kutua, na kuchukua plagi ya akiba, spana yake, makasia, nanga, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Kazi hii haichukui nusu saa. Sisi tuliopiga kasia usiku kucha kwa ajili ya parafujo moja twaijua thamani ya nusu saa hiyo.