Somo la Afya: Walinzi Wanapokusanyika Bure

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya viungo vya mwili alitaja jicho, sikio, mkono na mguu. Chembe nyeupe za damu hakuzitaja, maana siku zile hazikujulikana. Nazo zimepewa kazi, kuulinda mwili. Leo twajifunza ugonjwa uitwao sarkoidosi, ambao walinzi hao wenyewe ndio waletao taabu. Jina hilo latokana na neno sarkoidi, lenye asili ya Kiyunani na maana ya kufanana na nyama, ambalo Daktari Caesar Boeck wa Norwei aliviita vinundu alivyoviona ngozini mwaka 1899.

Kitu fulani huingia mwilini, labda kwa pumzi. Ni kitu gani, bado hakijajulikana. Chembe kubwa ziitwazo makrofaji hukimeza, kisha huzionyesha chembe za T vipande vyake. Hizo hupiga mbiu ya mgambo. Walinzi hukusanyika, makrofaji hushikamana, na boma dogo hujengwa liitwalo granuloma. Boma la namna hiyo hujengwa pia kuwazingira bakteria wa kifua kikuu, ila hilo mara nyingi huoza katikati likawa kama jibini. La sarkoidosi kwa kawaida halina uozo huo, wala bakteria hawaonekani ndani yake.

Basi mtu akohoa, akonda, picha ya eksirei yaonyesha madoa, na majirani wamekwisha kusema ni kifua kikuu. Twasikitika kuona wengine wakisita kupokea kikombe cha Ushirika Mtakatifu baada yake. Sarkoidosi haiambukizi. Hata kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa kikombe.

Jambo la ajabu ni kwamba mgonjwa wa sarkoidosi akichomwa sindano ya ngozi ya kupima kifua kikuu, mara nyingi ngozi haivimbi, hata kama alichanjwa BCG. Chembe za T zimejaa mapafuni, na katika damu zimepungua. Ni kama kijiji ambacho vijana wote wamekwenda bondeni. Ukipiga yowe mlimani, haji mtu.

Wengi hupona bila dawa. Wengine hupewa prednisoloni, ambayo huwatuliza walinzi. Hapa pana hatari: ikiwa ugonjwa ni kifua kikuu kweli, kuwatuliza ni kumfungulia adui mlango. Ndiyo maana daktari hutaka makohozi kwanza, na pengine kipande kidogo cha nyama. Tusimharakishe. Na aliyezimeza siku nyingi asiache ghafula, kwani mwili wake umezizoea.

Tena makrofaji za granuloma huweza kuzidisha nguvu ya vitamini D, kalsiamu ikapanda katika damu na kuleta vijiwe katika figo. Kwa hiyo vidonge vya vitamini D au kalsiamu visinunuliwe dukani kabla ya kumwuliza daktari. Macho nayo yapimwe, hata kama hayaumi.