Jinsi Picha ya Simu Ifikavyo Kwenye Televisheni

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Biolojia alikusudia kutuonyesha filamu ya moyo wa mwanadamu. Filamu hiyo alikuwa ameihifadhi katika simu yake, na televisheni ilikuwa tayari ukumbini. Aligusa alama ya kupeleka picha. Jina la televisheni likatokea, akalichagua. Tukangoja. Kioo cha televisheni kikabaki cheusi, kiduara kikizunguka tu katikati. Wengine tulianza kunong'ona kwamba televisheni ni mbovu. Haikuwa mbovu hata kidogo, na sababu yake nitaieleza hapa, maana nimeona hata watu wazima wenye televisheni nzuri majumbani hawaijui.

Ziko njia mbili za kupeleka picha pasipo waya, nazo zafanana kwa nje tu. Katika njia ya kwanza simu haipeleki picha yoyote. Yapeleka agizo: nenda mahali fulani katika intaneti, ukachukue filamu fulani. Televisheni huenda kuichukua yenyewe. Simu ni kama baba anayemtuma mtoto dukani. Yeye amekaa barazani, na mzigo haupiti mikononi mwake. Ndiyo maana mtu aweza kuzima kioo cha simu, au kuongea na mwenziwe, na filamu ikaendelea. Wengi waliizoea njia hii baada ya mwaka 2013, kampuni ya Google ilipotoa kifaa kidogo kiitwacho Chromecast.

Lakini duka likifungwa, mtoto hurudi mikono mitupu. Siku ile ruta ya shule ilikuwa imekwisha bando. Simu na televisheni zilionana kwa ruta hiyo, ila televisheni haikuwa na njia ya kwenda nje. Filamu iliyokuwamo simuni haikuifaa kitu, kwa kuwa haikutumwa kuichukua huko.

Njia ya pili ni kioo kwa kioo: kila kionekanacho simuni chaonekana kwenye televisheni. Hapa simu yafanya kazi nzito, na hesabu yake yastahili kutazamwa. Kioo cha televisheni nyingi kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Rangi ya kila nukta huandikwa kwa biti 24, basi picha moja ni biti 49,766,400. Ili mwendo uonekane laini, picha 30 hazina budi kupita kila sekunde. Jumla biti 1,492,992,000. (Nimeirudia hesabu hii mara tatu.) Wi-Fi nyingi haziwezi kubeba mzigo huo, hivyo simu huubana. Huilinganisha kila picha na ile iliyotangulia, ikapeleka yaliyobadilika. Ukuta ulio nyuma ya mtu anayesema hauna haja ya kurudiwa kila mara. Mzigo hushuka hadi biti milioni chache kwa sekunde, na televisheni huukunjua tena. Kubana na kukunjua kwataka muda, kwa hiyo televisheni hufuata nyuma kidogo, na simu hupata joto.

Kanuni moja ya njia hii, iitwayo Miracast, ilitolewa mwaka 2012 na umoja wa makampuni uitwao Wi-Fi Alliance. Kwa kanuni hiyo simu na televisheni zaweza kushikana moja kwa moja kwa mawimbi, bila ruta wala intaneti. Kompyuta nyingi za Windows zaijua, na simu nyingi za Android, japo si zote. iPhone haiijui, hiyo ina AirPlay, ya kampuni ya Apple, tangu mwaka 2010. Mzazi anayetaka kununua televisheni na aulize jambo hili dukani kabla ya kutoa fedha.

Mwalimu alipochagua njia ya pili, moyo ukatokea ukipiga, mkubwa kama ngoma, nasi tukashangilia. Lakini kioo kwa kioo hakina siri. Katikati ya somo ujumbe kutoka nyumbani kwake ukashuka juu ya ule moyo kwa maandishi makubwa, darasa zima likausoma. Sitausema hapa. Mwalimu alinyamaza kidogo, akaufuta, akaendelea kutueleza kazi ya vali. Tangu siku hiyo, kabla ya kuonyesha kitu chochote, huiweka simu yake katika hali ya kutosumbuliwa, ili ujumbe usijitokeze. Na akisahau, kiranja wetu humkumbusha.