SOMO: SHUGHULI ZA KILA SIKU NA FURAHA YA NYUMBA
Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa ustawi hauletwi na kipato peke yake. Mwaka 2004, Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 909 wafanyakazi wa Texas, Marekani. Tendo la ndoa liliongoza kwa furaha, likafuatiwa na maongezi ya baada ya kazi. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilishika mkia.

Jambo hili lina uzito Michenga na bonde zima la Kilombero, ambako msimu wa mpunga huwapeleka wakulima wengi kwenye vibanda vya mashambani, mbali na nyumbani. Kwa hiyo, mume na mke wapange siku za kukutana, wale pamoja, wazungumze na kupumzika. Na faragha yao iwe kwa ridhaa ya wote wawili.